Mgonjwa amekuja na jino, lakini presha pia amekuja nayo

Hapa Kisumu, mama anayeuza samaki Dunga au mzee mwenye kibanda cha nguo Kibuye huvumilia mengi kabla ya kufunga biashara aende hospitali. Kizunguzungu ni jua. Miguu kuwaka moto ni kusimama kutwa. Kukojoa usiku ni chai ya jioni. Jino lakini halina visingizio: likimwamsha saa nane usiku, alfajiri yuko kwenye foleni. Kwa hivyo chumba cha meno hupata watu ambao kliniki nyingine hazijawaona kwa miaka mingi. Utafiti wa STEPS, ule wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja, na kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi, karibu tisa kati ya kumi.

Je, daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa ana haki ya kumshauri mtu huyu kuhusu mwili wake mzima? Anayo, na kwa maoni yangu ni wajibu. Shida ni kwamba mengi tunayotoa kwa jina la ushauri ni kelele. Mtu ameng'olewa gego, ameuma pamba, mate yamemjaa, nasi tunamwambia kwa pumzi moja apunguze chumvi, sukari, pombe na mafuta, afanye mazoezi na anywe maji mengi. Anaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo haufunguki. Akifika stendi ya matatu amesahau yote.

Ninavyoona, ushauri unaoshika una mambo matatu. Unaanza na kitu kinachoonekana mdomoni au kilichopimwa hapo hapo, maana mgonjwa alikuja kwa ajili ya mdomo. Unahusu jambo moja tu kwa siku hiyo. Na unaishia kwa mahali na tarehe: nenda kituo fulani, siku fulani, na karatasi hii. Ushauri usio na mahali pa kwenda ni kumbebesha mtu hofu yetu.

Wakati wa kuutoa nao una maana. Sindano ya ganzi ya taya la chini huchukua dakika tatu hadi tano kabla ya kushika vizuri, na wengi wetu hutumia dakika hizo kupanga vyombo au kuangalia simu. Mgonjwa hapo ameshapita hofu ya sindano, maumivu yameanza kutulia, na bado anaweza kuongea. Sema hapo. Baada ya kung'oa, mpe karatasi.

Presha, na makosa ya kuipima

Presha hupimwa kabla ya sindano, na kiti cha meno ni mahali pabaya pa kuipimia usipokuwa mwangalifu. Mtu amelazwa nusu, miguu iko juu, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya sweta, na msaidizi anamuuliza namba ya simu. Kila kimoja kati ya hivyo hupotosha namba. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo namba hupanda, na kwenye viti vingi pale pa kuwekea mkono ni chini mno. Taulo iliyokunjwa ikiwekwa chini ya kiwiko inatosha. Kibofu kilichojaa tangu foleni ya saa kumi na mbili nacho huipandisha.

Mkalishe wima, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Akae kimya dakika tano. Kama amevuta sigara, amekunywa kahawa au ametafuna miraa katika nusu saa iliyopita, subiri. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita mbili au tatu juu ya kiwiko. Soma namba zilizochapishwa kwenye mkanda wenyewe: wa kawaida huwa wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Ukimfunga mama mwenye mkono wa sentimita 37 mkanda huo utampa presha asiyokuwa nayo. Kila chumba kinahitaji mkanda mkubwa, na ndio huwa wa kwanza kukosekana. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati. Kwa mgonjwa mpya pima mikono yote miwili, kisha fuata ule uliosoma juu zaidi.

Ikifika 140 kwa 90 au zaidi mara zote mbili, fanya kazi ya jino kama kawaida, halafu mtu aende akafuatiliwe. Ikifika 180 kwa 110, kila kinachoweza kusubiri kisubiri. Maumivu na usaha havisubiri: toa dawa ya maumivu, fungua jipu kama linafunguka, na rufaa iwe ya siku hiyo hiyo. Kukiwa pia na maumivu makali ya kichwa, kifua kubana, macho kuona ukungu, pumzi kukata au upande mmoja wa mwili kulegea, mgonjwa aende idara ya dharura sasa hivi na jino lisubiri.

Maumivu na hofu hupandisha presha. Hiyo ndiyo sababu mtu asiambiwe "una presha" kwa kipimo cha siku moja akiwa ameshika shavu. Maneno yanayofaa ni kama haya: "Mzee, leo mashine imesoma 162 kwa 98, mara mbili. Maumivu yanaweza kuipandisha, kwa hivyo sisemi una ugonjwa. Lakini pita kituo cha afya cha karibu na kwako siku mbili tofauti wiki hii wakupime. Ukirudi Alhamisi kutolewa nyuzi, njoo na namba hizo." Asiyeweza kufika kituoni amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Tangu serikali ilipowapa wahudumu hao mikoba yao ya kazi mwaka 2023, mashine ya presha ni mojawapo ya vifaa vilivyomo.

Kuhusu adrenalini iliyo kwenye ganzi, kuna wenzetu wanaoikwepa kabisa kwa kila mwenye presha. Naona wanakosea. Ganzi hafifu huleta maumivu, na mwili wenye maumivu humwaga adrenalini yake, nyingi kuliko ile iliyo kwenye katriji, kile kichupa cha ganzi. Kwa mgonjwa wa moyo au presha isiyotulia, kiwango cha tahadhari kinachofundishwa ni miligramu 0.04 kwa kikao. Katriji ya mililita 1.8 yenye nguvu ya 1:100,000 ina miligramu 0.018, kwa hivyo mbili zinaingia. Ile ya 1:80,000 ina 0.0225, na mbili zinapita kidogo. Vuta bomba nyuma kwanza uone kama damu inaingia, kisha sukuma polepole.

Halafu kuna fizi zinazoota. Mtu anafika fizi zimevimba na kupanda juu ya meno ya mbele kama mafundo, hazimuumi sana, na mwenyewe anadhani ni uchafu au amerogwa. Muulize dawa anazokunywa. Amlodipini na nifedipini, dawa za presha zilizojaa kliniki zetu, zinaweza kufanya hivyo. Fenitoini ya kifafa vilevile. Hapa ushauri wetu una hatari yake, kwa sababu mgonjwa akisikia "ni dawa yako ya presha" ataiacha jioni hiyo hiyo. Kabla ya kuitaja dawa, anza na onyo: "Usiache dawa hata siku moja. Nitamwandikia aliyekupa, aone kama kuna nyingine inayokufaa." Kisha msafishe ukoga wote, kwa sababu fizi huota zaidi palipo na uchafu, na mara nyingi kusafisha peke yake hupunguza uvimbe.

Dawa za maumivu ndizo sehemu ya ushauri wa afya ambayo ni yetu kabisa, lakini tunaitoa kwa uzembe. Mtu wa presha anayekunywa enalapril pamoja na haidroklorothiazaidi, ukimwongezea diklofenaki au ibuprofeni ya wiki nzima, umemweka figo zake mashakani na presha yenyewe inapanda. Parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku, humtosha kwa maumivu mengi ya kung'olewa. Uliza pia amekunywa nini kabla ya kuja. Watu wengi hufika wakiwa na vidonge vya rangi tatu kwenye bahasha ya duka la dawa, bila jina hata moja, na viwili kati ya hivyo ni dawa ileile. Kapsuli tano za amoksilini za kutuliza jino lisilo na uvimbe wala homa hazimsaidii lolote. Jino linaloumwa ndani linataka kutobolewa na kusafishwa, au kung'olewa.

Sukari inayoonekana kwenye fizi

Mtu wa miaka arobaini na kitu ana majipu ya fizi yanayorudi, meno yanalegea haraka kuliko uchafu unavyoweza kueleza, mdomo umekauka, na kidonda cha jino lililong'olewa wiki tatu zilizopita bado hakijafunga. Kabla ya kumlaumu kwa mswaki, muulize: anaamka mara ngapi usiku kukojoa? Kiu je? Amepungua uzito bila kutaka? Halafu mdunge kidole.

Hata huko kuna cha kuharibika. Mtu aliyemenya embe au kutafuna miwa akiwa foleni ana sukari kwenye ngozi ya kidole, na mashine itaisoma hiyo. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa. Kufuta kwa spiriti bila kuiacha ikauke hakufai pia. Dunga pembeni mwa ncha ya kidole, penye uchungu kidogo. Vijiti vya kupimia navyo huharibika kwa unyevu wa ziwa hili letu: kopo likiachwa wazi kwenye meza karibu na dirisha, namba za mwisho wa mwezi si za kuaminika.

Sukari ya milimoli 11.1 kwa lita au zaidi wakati wowote, pamoja na dalili hizo, au 7.0 na zaidi kabla ya kula asubuhi, ni ya kupelekwa kliniki akathibitishwe. Usimpe jina la ugonjwa wewe. Mwenye jipu lakini asirudishwe nyumbani "mpaka sukari ishuke", maana usaha wenyewe huipandisha. Toa usaha, andika rufaa, viende pamoja. Mashine ikikataa kuonyesha namba na kuandika tu kwamba iko juu, au mtu anatapika, anahema kwa nguvu na pumzi inanuka kama tunda lililoiva sana, hiyo ni dharura.

Kwa anayejua ana kisukari, habari njema ya kumpa ni hii: uhusiano unakwenda pande zote mbili. Sukari ya juu huharibu fizi, na fizi zenye usaha huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Uchambuzi wa mwaka 2022 wa Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, ulionyesha kuwa kutibu ugonjwa wa fizi hushusha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4. Si kubwa, lakini ni sababu ya kutosha kumfanya mtu arudi kusafishwa kila baada ya miezi mitatu.

Kosa moja hurudi kila wiki: mgonjwa wa kisukari anakuja amefunga kula. Ameambiwa na jirani kwamba jino haling'olewi mtu akiwa ameshiba, lakini dawa ya sukari ameinywa. Katikati ya kazi anaanza kutoka jasho jembamba, anatetemeka, anajibu mambo yasiyoeleweka, nasi tunadhani ni woga. Pima, chini ya 4 ni sukari iliyoshuka. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji akiwa bado anameza vizuri, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha ale kitu cha kushikilia kama ndizi au mkate. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Dawa yake ni glukosi ya mshipani, haraka. Haya yote huepukwa kwa kumwambia siku ya kupanga: njoo asubuhi, ukiwa umekula na umekunywa dawa kama kawaida.

Kuhusu sukari ya kwenye kikombe, "punguza sukari" haimwambii mtu kitu. Hesabu naye. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na ikishuka hadi sita ni bora zaidi. Vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu, tayari ni 12. Soda ya nusu lita inaongeza takriban gramu nyingine 50. Sukari nguru ni sukari, hata kama inatoka kwa shemeji Muhoroni na ina rangi ya udongo. Ninachopendekeza ni kutoa kijiko kimoja kwa kila kikombe, wiki mbili, kisha kingine. Na chai inywewe pamoja na chakula, kuliko kuipigapiga funda kuanzia saa nne hadi saa saba. Kwa jino, idadi ya mara ndiyo mbaya. Kwa sukari ya damu na uzito, ni jumla. Mtu akielewa tofauti hiyo, atajua apunguze kipi.

Utando mweupe

Hapa kwetu, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, maambukizi ya virusi vya ukimwi ni mengi kuliko sehemu nyingi za nchi, na mdomo huonyesha mapema. Utando mweupe unaofutika kwa pamba na kuacha pekundu ni fangasi. Mistari myeupe pembeni mwa ulimi isiyofutika ni kitu kingine. Doa la zambarau kwenye kaakaa. Fizi zilizoliwa katikati ya meno, zinazotoa damu na harufu kali ghafla kwa kijana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kusema mtu ana virusi. Fangasi huja pia kwa kisukari, kwa dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni bila kusukutua, kwa antibayotiki za muda mrefu, au kwa meno ya bandia yanayolaliwa usiku.

Anachokosea mwenzetu ni kuandika dawa ya fangasi na kunyamaza kwa sababu mazungumzo yenyewe ni magumu. Mwingine huongea kwa sauti, na ukuta wa chumba ni mbao nyembamba upande wa pili kukiwa na benchi la wanaosubiri. Msindikizaji atoke kwanza, hata akiwa mume, mke au mama mkwe. Kisha: "Nimeona utando ambao kwa mtu mzima huwa na sababu. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa kinga ya mwili imeshuka. Ungependa tupime, pamoja na virusi?" Sheria ya mwaka 2006 kuhusu virusi vya ukimwi inataka ridhaa yake na inalinda siri yake, kwa hivyo akikataa, jino linatibiwa vilevile na hakuna anayemnunia. Akisema tayari anatumia dawa za kupunguza makali, basi utando mpya ni jambo la kumwandikia daktari wake: huenda dozi zinarukwa, huenda dawa haifanyi kazi tena, na wingi wa virusi unahitaji kupimwa.

Watoto, ambako makosa ni ghali

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu kwa kila anayeng'oa meno kuanzia Busia hadi Migori, ningechagua taya la mtoto linalovimba. Uvimbe wa Burkitt, saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, hupatikana sana kwa watoto wa ukanda huu wa ziwa wenye malaria nyingi, hasa wa kati ya miaka minne na tisa. Mara nyingi huanzia tayani. Mzazi anasema mtoto ana jino bovu. Meno yanatikisika, shavu limevimba. Mtu anang'oa. Baada ya siku chache meno mengine yanalegea, uvimbe umeongezeka, unaongezewa antibayotiki. Saratani hii inaweza kujiongeza maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hivyo wiki mbili za kubahatisha ni nyingi mno.

Jipu la jino lina jino lake: lenye shimo, au lililokufa baada ya kugongwa. Ukiona meno mazima yamelegea kwa mtoto ambaye umri wake wa kung'oka haujafika, uvimbe usiopungua baada ya siku tatu za dawa, magego yaliyosukumwa nje, jicho linalojitokeza, tumbo limejaa, au mtoto anasema kidevu kimekufa ganzi, weka koleo chini. Mpeleke siku hiyo hospitali ya rufaa: Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wengi bado wanaiita Russia, au ile ya Moi Eldoret. Piga simu kwanza, andika barua, na mwambie mzazi wazi kwamba ugonjwa huu huitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Mzazi akiambiwa "saratani" peke yake, anaweza kwenda nyumbani kusubiri.

Ganzi ya kidevu na maumivu ya taya yasiyo na jino bovu yanaweza pia kuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao nao umejaa huku magharibi. Muulize mzazi kama mtoto amewahi kulazwa kwa maumivu ya mikono na miguu, au kuongezewa damu. Jino lenye usaha kwa mtoto wa selimundu litibiwe mapema, maana maambukizi na upungufu wa maji humwamshia maumivu. Anywe maji ya kutosha siku hiyo, asikae kwenye baridi ya feni, na asikose dawa zake za kila siku.

Halafu kuna yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano anaharisha na ana homa, bibi anafungua mdomo, anaona weupe umevimba pale chonge litakapoota, na mtu anaitwa kulichimba kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la jino. Hatari ni damu, pepopunda na maambukizi mengine, na baadaye chonge la ukubwani linakosekana au linaota limepinda. Kumgombeza bibi hakusaidii, kwa sababu aliona mtoto anaumwa kweli, na anaumwa. Mpe kitu cha kufanya: chumvichumvi za kuongeza maji, asome pakiti kama ni ya nusu lita au lita nzima, zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, kunyonya kuendelee. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au kukiwa na damu kwenye choo, ni hospitali.

Waliotoka upande wa Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha wakiwa na meno ya kahawia wasiulizwe kama wanapiga mswaki. Ni floraidi ya maji ya visima, inayozidi miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama kikomo. Meno ya mkubwa yameshaiva. Ushauri ni wa wadogo zake walio chini ya miaka minane. Maji ya mvua, au ya kichujio cha mkaa wa mifupa kama vile vilivyoendelezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru. Kuchemsha hakuondoi floraidi, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Mjamzito, na mvuta sigara

Mama mjamzito hutibiwa meno, na asiambiwe angoje ajifungue. Baada ya wiki 20 mwinamishe kidogo kushoto kwa taulo iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia, la sivyo atazimia kitini kwa tumbo kukandamiza mshipa mkubwa. Parasetamoli na amoksilini zinafaa, ibuprofeni na diklofenaki, hasa kuanzia wiki ya 20, hapana, doksisiklini hapana. Kwake 140 kwa 90 si ya kusubiri Alhamisi: anakwenda kliniki ya wajawazito leo. Muulize pia kama ameanza kliniki. Wengine hawajaanza.

Kwa mvuta sigara, mlango wetu ni ule wa jino lililong'olewa: akivuta katika siku tatu za kwanza, donge la damu linaweza kutoka na mfupa ukabaki wazi, maumivu yake makali kuliko ya jino. Mwombe siku tatu hizo, kisha muulize kama angependa kuendelea hadi saba. Mweleze mapema kwamba fizi zinaweza kutoa damu zaidi akiacha, kwa sababu nikotini hubana mishipa na kuficha ugonjwa. Asipojua hilo ataona sigara ndiyo ilikuwa dawa. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo si salama zaidi. Na kidonda chochote cha mdomoni kilichopita wiki mbili bila kupona baada ya kuondoa jino linalokwaruza, kikatwe kipande na kupimwa.

Barua

Kila nililotaja linaishia kwa barua, na barua zetu nyingi hazina maana. "Apimwe presha" haimsaidii anayepokea. Andika tarehe na saa, namba zote mbili, mkono gani, mkanda wa ukubwa gani, kama mgonjwa alikuwa na maumivu, dawa anazokunywa, ulichofanya wewe, na unachoomba: "Tafadhali mthibitishe kama ana presha. Jino 36 (gego la kwanza la chini kushoto) limeng'olewa bila matatizo. Anatumia amlodipini miligramu 10, fizi zimeota, naomba mwangalie kama inaweza kubadilishwa." Weka namba ya simu ya kliniki. Piga picha nakala yake kabla haijatoka chumbani, maana karatasi hulowa mvua na kupotea. Majibu huandikwa mara chache, kwa hivyo siku ya kutoa nyuzi swali la kwanza liwe ni alifika wapi. Kama hakufika, uliza ni nauli, ni foleni, au ni hofu, halafu uandike barua nyingine ya kituo kinachofikika.